Joto la Dari ya Sundal

Tone la kwanza lilimwangukia Gudrun shingoni. Alikuwa amechuchumaa katikati ya duara la barafuni, ufagio mkononi, akimwonyesha Arlen Thiessen mahali pa kulielekeza jiwe, mara akashtuka, akajipapasa chini ya kola na kuinua uso kutazama juu. Sisi tuliokuwa nyuma ya kioo na vikombe vyetu vya kahawa tukatazama juu pia. Dari ilikuwa mpya, vibao vyeupe vinavyopendeza macho, haijamaliza hata msimu mmoja. Tone jingine likajitokeza kwenye kiungo cha vibao viwili, likaning'inia, likaanguka.

"Paa linavuja," mtu akasema.

"Livuje nini, na juu yake theluji imeganda kama jiwe?" Gudrun akamjibu. Alikuwa mwenyekiti wa klabu na nahodha wa timu, na hakupenda mtu amwambie jambo ambalo hakuliona kwanza yeye.

Arlen alikuwa upande wa pili wa barafu, amepiga goti, jiwe mkononi. Nilimwona akiitazama ile dari kama mtu anayemwona mkwewe akitoka kwenye nyumba asiyostahili kutoka.

Hapa kwetu Sundal, kusini mwa Manitoba, baridi hukaa mpaka ikajisahau, na watu wasipoitafutia kazi hiyo baridi wataanza kugombana majumbani. Kazi yenyewe ni kelingi. Unasukuma jiwe zito liteleze juu ya barafu hadi kwenye duara, na wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakisugua barafu kwa fagio. Anayecheka na acheke. Kuna ndoa zimefungwa kwenye uwanja ule, na nyingine zimevunjikia palepale.

Barafu ya kelingi haitakiwi kuwa laini kama kioo. Mtengeneza barafu hubeba mtungi wa maji ya moto mgongoni, akatembea kinyumenyume huku akinyunyiza, na yale matone yakaganda yakawa vipele vidogo. Jiwe hupita juu ya vipele. Sasa fikiria tone nono linaanguka kutoka darini na kuganda likawa chunusi katikati ya njia. Jiwe linakuja vizuri, linaikanyaga chunusi, linapinda na kwenda linakotaka lenyewe. Mchezo umeharibika hapo.

Mtengeneza barafu wetu alikuwa Orest Hnatiuk, mjane, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo. Alikuwa akinyunyiza barafu ile tangu mimi ninaanza kuota ndevu. Akiwa na mtungi mgongoni humsemeshi, hata kama nyumba yake inaungua. Akimaliza, anaweka mtungi chini, anajimiminia chai, ndipo anakuwa binadamu tena.

Na Arlen? Arlen ni wa kwetu. Alizaliwa kwenye shamba la nguruwe upande wa pili wa reli. Toka utotoni alipenda kujua hewa inakwenda wapi. Baba yake alikuwa akimkuta amesimama bandani na unyoya wa kuku, anauachia, anatazama unapeperukia wapi, na nguruwe wanamtazama yeye. Alisomea uhandisi Winnipeg, akaajiriwa hukohuko na kampuni inayopanga feni na hita za mabanda na kumbi, lakini akaoa hapa na kurudi kuishi hapa. Kazi yake ni kupiga hesabu za hewa kwa kompyuta: kabla jengo halijasimama, yeye anakwambia joto litakaa wapi na baridi itapenya wapi. Mama yake akiulizwa kijana wake anafanya kazi gani hujibu, "Anauza feni," na Arlen hajawahi kumsahihisha.

Katika kelingi hakuwa kitu. Alirusha mawe ya kwanza, yale wanayopewa watu wasioaminiwa na mawe ya mwisho. Miaka yote hiyo alikuwa anakunja viti, anaosha vikombe, anachekeana na watu, na nadhani kilikuwa kinamuuma kwamba hakuna siku klabu ilimhitaji kweli kweli. Hivyo dari ya zamani ilipoanza kubomoka, na kamati ikaanza kubishana iwekwe ipi mpya, Arlen akajitolea kupiga hesabu bure.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Wengine walitaka dari ya karatasi ing'aayo kama ile ya kufungia chakula. Gudrun aliichukia. "Tutakaa chini yake kama viazi vya kuokwa," alisema. Yeye alitaka vibao vyeupe. Lakini kuna hatari: dari hushinda ikitazamana na barafu, na joto lake huvutwa na ile barafu hata kama hewa iliyo katikati haijapoa, kama vile unavyokaa mbele ya dirisha wakati wa baridi, chumba kina joto na bado shavu lako upande wa kioo linakufa ganzi. Dari ikipoa sana, unyevu wa hewa hutunga umande juu yake, na umande hudondoka. Karatasi ing'aayo haitoi joto lake ovyo. Vibao vyeupe vinalitoa. Swali lilikuwa vitapoa kiasi gani.

Arlen alituita jikoni pa klabu, akazima taa, akamulika picha ukutani. Uwanja wetu ulikuwa umepakwa rangi: buluu kwenye barafu, kijani katikati, na juu kabisa chini ya dari utepe wa njano.

"Nieleze kwa lugha ya binadamu," Gudrun alisema.

"Njano ni joto la kutosha. Umande hauwezi kutunga hapo."

"Kwa hiyo vibao vyangu vitakuwa na joto hilo la njano?"

"Ndiyo."

"Una hakika, Arlen? Tukishapigilia misumari, tumepigilia."

"Nina hakika."

Orest alikuwa amekaa karibu na friji, kofia magotini. "Profesa akishasema, mimi nani nibishe?" akasema, akawa wa kwanza kupiga makofi. Kuanzia siku ile akawa anamwita Arlen Profesa, na hakuwa anamkejeli. Sote tulipiga makofi. Colette, mke wa Arlen, aliniambia baadaye kwamba usiku ule mumewe alishindwa kulala kwa furaha, akawa anajigeuza kitandani kama mtoto anayengojea safari.

Basi ndiyo dari ile iliyomdondokea Gudrun shingoni.

Kamati ikamuuliza Arlen pale pale, kabla hajavua viatu vya barafuni. Na yeye akajibu bila kufikiri, jibu la mtu aliyebanwa. "Hesabu ilichukulia kwamba milango ya nyuma inafungwa," alisema. "Na kwamba mvuke wa maji ya kunyunyizia si mwingi."

Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja. Mlango wa nyuma ni wa nani kama si wa Orest? Maji ya kunyunyizia ni ya nani? Vichwa vyote vikageukia upande mmoja. Orest akafikiri kidogo, akajikuna shingo. "Kweli mlango huwa nauacha wazi nikitoa theluji," alisema. "Na maji yangu ni ya moto sana. Napenda ya moto."

Kesho yake Arlen akafungua hesabu yake kazini, saa ya chakula. Nia yake ilikuwa aongeze mlango ulio wazi na mvuke wa maji, apate picha ya kumwonyesha Gudrun. Hapo ndipo alipoona.

Nitalieleza kama alivyonieleza mwenyewe, maana nilimwambia anieleze mpaka nielewe. Kompyuta huigawa hewa ya jengo katika vijisanduku vingi sana, na kila kisanduku hupewa namba moja ya joto, namba ya katikati yake. Kisanduku cha juu kabisa kimeigusa dari, lakini katikati yake pako chini ya dari kama shibiri nzima. Namba yake ni ya hewa iliyo jirani na dari. Dari yenyewe, ule uso wa kibao unaotoka jasho, ina namba yake, inayohesabiwa kivyake na kuwekwa mstari mwingine kwenye orodha ya programu, mistari miwili inayofuatana na kufanana kama mapacha. Arlen alikuwa amechagua mstari wa jirani. Utepe wake wa njano ulikuwa hewa. Alipochagua mstari wa pili, wa dari, picha ikabadilika mbele ya macho yake na utepe wote juu ukawa buluu. Milango imefungwa, maji ni yaleyale, na dari bado imepoa chini ya kiwango cha umande. Kompyuta ilikuwa inalijua jambo hilo tangu siku ya kwanza. Ni yeye aliyeuliza mtu wa pembeni.

Na la kumtia aibu zaidi, kosa hili ndilo yeye huwaonya wageni kazini. Mwaka uliopita alikuwa amemkaripia msichana mmoja mbele ya wenzake kwa kosa hilihili, akamwambia, "Muulize ukuta, usimuulize jirani yake." Wakacheka wote. Yule msichana aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia meza. Sasa Arlen alikaa mbele ya buluu ile na sandwichi yake mkononi, masikio yanamwaka moto, akaigeuza kompyuta kidogo ili anayepita nyuma asiione.

Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili ikafika, klabu imejaa, watu wana furaha, akasema si vizuri kuwaharibia. Akajiambia atamwambia Gudrun peke yake. Akampigia simu, Gudrun akapokea, wakazungumza habari za gari lake. Mimi simtetei. Lakini nishawahi kuwa na neno kooni, na najua linavyokua. Siku ya kwanza ni dogo, ungelitema tu. Ukilimeza mara tatu nne, linakuwa na miguu.

Orest naye akaanza kujirekebisha. Alifunga mlango wa nyuma, akawa anatoa theluji kwa kuzunguka jengo zima na ndoo, mzee wa watu, kwenye upepo ule. Dari ikadondoka vilevile. Akapunguza moto wa maji yake ili mvuke upungue. Sasa maji yakipoa, vipele havishiki vizuri, vinatoka vibapa na dhaifu, na jiwe linavisaga likapoteza mwendo. Kwa hiyo barafu iliyokuwa na chunusi tu ikawa mbaya yote. Watu wakaanza kunong'ona.

"Orest amezeeka," alisema mmoja kwenye foleni ya vikombe.

"Tangu mkewe afariki hayuko sawa," akasema mwingine.

Arlen alikuwa anaosha vikombe vyenyewe. Alisikia yote. Aliendelea kusugua kikombe kimoja mpaka Colette akakichukua mkononi mwake na kukiweka kabatini.

Baada ya hapo ikaja habari ya soseji. Orest hukausha soseji zake mwenyewe kwa moshi, ana kibanda cha kazi hiyo nyuma ya nyumba, na hampi mtu ila amempenda au amemkosea. Alikuja kwa Arlen jioni moja kabla ya chakula, akagonga mlango, akavua kofia mlangoni.

"Sikai, Profesa. Nimekuletea hii."

"Karibu ndani, Orest. Baridi hiyo."

"Hapana, viatu vina theluji. Nilitaka kusema tu." Akaigeuza kofia mkononi. "Uliifanya kazi nzuri, na mimi nimekuja kuiharibu. Watu wanaitazama dari yako vibaya kwa sababu yangu. Nimekosa. Najaribu maji ya vuguvugu sasa, tutaona. Usinichukie."

Arlen alisimama pale na soseji mikononi, bado ina harufu ya moshi. Colette alikuwa nyuma yake jikoni, anasikia. Angesema neno moja tu. Alivuta pumzi ya kusema, Colette anaapa aliisikia.

"Asante, Orest," alisema. "Haidhuru. Asante sana."

Mlango ulipofungwa, akakaa kwenye ngazi. Colette akamuuliza ana nini, na ndipo akamwaga yote, mstari wa jirani na mstari wa dari, njano na buluu. Colette hajui lolote la vijisanduku, yeye ni mwuguzi wa meno. Lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Basi mfuate," alisema. "Hajafika hata barabarani."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Colette. Wakinisikia kazini itakuwaje? Baba atasemaje? Wote walinipigia makofi."

Colette akaiweka soseji kwenye friji, rafu ya chini, nyuma ya maziwa. "Mimi siikati," alisema. "Si yetu." Na kila alipofungua friji kutafuta siagi, Arlen aliiona ile karatasi ya kahawia na uzi wake, akafunga mlango haraka. Alikuwa anaona haya mbele ya soseji. Mtu mzima, mwenye shahada.

Sundal tulikuwa tumepewa kuandaa mashindano ya wilaya ya msimu uliofuata, na kamati ikaanza kusema itabidi tuazime mtengeneza barafu kutoka mji mwingine. Kwetu jambo hilo si dogo. Kumwondoa mtu kwenye barafu yake mbele ya wilaya nzima ni kumwambia akakae nyumbani asubiri kufa. Uamuzi ungetolewa baada ya mechi ya Jumamosi na timu ya Bellmere, pale pale jikoni, na Arlen alijua hivyo alipokuwa anafunga kamba za viatu.

Mechi ilikuwa nzuri kuliko barafu. Tulikuwa sawasawa hadi duru ya mwisho. Gudrun akarusha jiwe letu la mwisho, na Arlen na mwenzake wakakimbia mbele yake wakisugua, Gudrun anawapigia kelele wasugue zaidi. Jiwe likapita pembeni mwa chunusi moja bila kuigusa, likaenda, likaenda, likaingia duarani na kukaa karibu kabisa na kitovu. Tumeshinda. Tukaanza kugonga kioo.

Arlen alikuwa amesimama, ufagio umeinuliwa.

"Nimeligusa," alisema.

Hakuna aliyeona. Wa Bellmere hawakuona, Gudrun hakuona, mwenzake aliyekuwa naye bega kwa bega hakuona. Unywele wa ufagio ulilipapasa jiwe likiwa bado linatembea, basi. Lakini kelingi haina refa wa kukukimbilia na filimbi. Ukiligusa jiwe linalotembea, unasema mwenyewe, na jiwe linatolewa. Ndivyo tulivyolelewa, tangu tukiwa warefu kama ufagio. Arlen alisema kabla hajafikiri, kama mtu anavyosema samahani akikukanyaga. Akaliondoa jiwe kwa mguu wake mwenyewe, na lililobaki karibu zaidi na kitovu likawa la Bellmere, tukashindwa.

Nahodha wa Bellmere, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuja kumshika mkono na hakuuachia upesi. Nyuma ya kioo watu walipiga makofi kuliko tungepiga kwa ushindi. Na Orest, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi wake, alikigonga kioo kwa kiganja na kusema kwa ile sauti yake ndogo, "Mnaona? Huyo ndiye mtu."

Arlen alimsikia. Alinieleza kwamba aliona haya kuliko siku ile ya buluu. Alikuwa mwaminifu kwa unywele wa ufagio.

Kwa desturi, aliyeshinda humnunulia kinywaji aliyeshindwa, kwa hiyo tuliingia jikoni na wa Bellmere wakatukalisha. Yule mama akainua bilauri yake. "Kwa huyu kijana," alisema. "Timu nyingine zingenyamaza." Wote wakanywa. Arlen aliishika bia yake kwa mikono miwili na hakuipeleka mdomoni.

Kisha Gudrun akasimama, hana raha, anakwaruza meza kwa ukucha. Alianza kusema mashindano ya wilaya ni jambo kubwa, na klabu inamheshimu kila mmoja, maneno yale ya kuzungukazunguka. Orest akamhurumia, akasimama yeye.

"Usijitese, Gudrun," alisema. "Leteni mtu. Mimi nimejaribu mlango, nimejaribu maji, mkono wangu hauniambii kitu tena. Nilikuwa naujua, sasa siujui. Nitamwonyesha huyo mgeni swichi zilipo."

"Sio wewe," Arlen alisema.

Alikuwa bado amekaa. Watu wakadhani anamfariji. Gudrun hata akatabasamu.

"Sio wewe, Orest. Ni mimi. Ile picha niliyowaonyesha, ile njano, haikuwa joto la dari. Ilikuwa joto la hewa iliyo chini ya dari. Nilisoma namba isiyo yake. Namba ya dari ilikuwepo, sikuichukua. Dari hii ingedondoka hata mlango ungejengewa ukuta."

Mtu wa Bellmere akaweka bilauri mezani polepole, asisikike.

"Mbona ulisema mlango?" Gudrun aliuliza.

"Nilisema tu. Sikuwa nimetazama."

"Kwa hiyo si maji yangu," Orest alisema.

"Si maji yako. Maji yako yalikuwa sawa siku zote."

Orest akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Nilidhani atacheka. Nilimwona akianza kupumua kama mtu aliyetuliwa gunia, na nikafurahi, nikasema yameisha. Kisha akainua macho.

"Ulitazama lini?"

"Kesho yake. Baada ya tone la kwanza."

Orest akahesabu kichwani, midomo inacheza. Si mtu mwepesi wa hesabu, lakini hii aliifikia.

"Kabla ya soseji," alisema.

Uso wote wa Arlen ulikuwa mwekundu mpaka shingoni, na macho yake yalikuwa mezani. "Kabla ya soseji," alisema.

"Kukosea namba si kitu. Mimi mwenyewe nimewahi kunyunyiza maji yenye sabuni, muulize Gudrun." Hakuna aliyecheka. "Lakini nilisimama mlangoni kwako nikakuomba msamaha, na wewe ukaniambia haidhuru. Ukanisamehe, Arlen." Akaichukua kofia yake, akaivaa vizuri mbele na nyuma, akatoka kupitia mlango wa nyuma, na akaufunga.

Arlen aliandika barua kwa kamati, akawaeleza hata wakubwa zake kazini, na kule hawakumfukuza. Yule msichana aliyekaripiwa alimwambia, "Pole," tu, na hilo lilimchoma kuliko kama angemzomea. Ile soseji aliirudisha. Orest aliipokea mlangoni, akaiangalia kama bado ina uzi, akashukuru.

Vibao vyeupe tulivibandua msimu wa joto, sote, na Arlen alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kushuka kwenye ngazi. Sasa tunacheza chini ya karatasi ing'aayo. Gudrun analalamika kila wiki kwamba anahisi yuko ndani ya oveni, lakini haidondoki hata tone. Orest alirudia maji yake ya moto. Vipele vyake vimesimama tena, na wilaya nzima iliviona na kuvisifu.

Hajamnunia Arlen. Watu wa nje hawawezi kugundua kitu. Jumamosi iliyopita nilikuwepo, Orest amemaliza kunyunyiza, mtungi uko chini, chai mkononi, Arlen akaingia akipangusa theluji mabegani. Hapa kwetu hakuna anayeitwa Bwana isipokuwa marehemu, siku ya kusomewa wasifu wake.

"Habari ya jioni, Bwana Thiessen," Orest alisema, kwa adabu kabisa, na akasogea kumpisha.

"Njema, Orest," Arlen akajibu, akaenda benchi la mwisho kubadili viatu.